Ufunguo Ndani ya Kiatu: Kwa Mwanamieleka Anayetaka Kuwa Promota

Onyesho la kwanza la mieleka nililoliandaa kwa fedha zangu nililiendesha nikiwa nimevaa kaptura ya ulingoni. Nilijipanga katika pambano la mwisho kwa hoja ambayo wakati ule niliiona haina mjadala, kwamba jina langu ndilo lililouza tiketi. Nikiwa ulingoni, kijana aliyecheza pambano la tatu alikuwa ameketi katika chumba cha kuvalia, bega limeteguka, akisubiri gari la kumpeleka hospitali. Fedha za gari zilikuwa ndani ya mkoba wangu, mkoba ulikuwa umefungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati nilikuwa nimeutia ndani ya kiatu nilichokivaa, chini ya soksi, ili usipotee. Alisubiri karibu saa nzima. Niliporudi natweta, huku mashabiki wakiendelea kuliita jina langu, nilimkuta ameegemea ukuta, mkono mzima umeushikilia ule ulioumia, wala hakuniambia neno.

Wengi wenu mnaokuja kwangu na nia ya kuwa mapromota mnauliza kwanza habari za ukumbi, mkanda na matangazo. Maswali hayo yana majibu, na majibu yake hayachukui muda mrefu. Swali ambalo sijaulizwa na yeyote ni hili: usiku wa onyesho, mambo yatakapoharibika, wewe utakuwa wapi? Ukiwa ndani ya kamba, hakuna promota ukumbini.

Najua mtanijibu kwamba mieleka ya kulipwa imejengwa na wanamieleka wenyewe, na ni kweli. Rikidozan, mwanamieleka aliyeieneza Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alianzisha chama chake mwaka 1953 huku yeye mwenyewe akiwa ndiye kivutio kikuu. Wanafunzi wake wawili, Antonio Inoki na Giant Baba, kila mmoja akaanzisha kampuni yake mwaka 1972, nao wakaendelea kupigana. Kule Calgary, Kanada, Stu Hart aliendesha maonyesho kwa miongo kadhaa na kuwafunza vijana katika chumba cha chini ya nyumba yake, ambako wengi walijua kabali ni nini kabla ya kujua malipo ni nini. Hata hivyo, ukiwatazama kwa makini, utaona kwamba kila mmoja wao alifika mahali ambapo mwanamieleka na promota ndani yake walitaka vitu viwili tofauti.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Verne Gagne wa Minneapolis, Marekani. Huyu alikuwa mwanamieleka wa kweli, aliyekuwemo katika kikosi cha nchi yake cha Olimpiki ya mwaka 1948 kama mchezaji wa akiba, na hapana aliyeweza kumdharau. Alikuwa nguzo ya AWA, kampuni ya mieleka aliyoiendesha mwenyewe, tangu ilipoanzishwa mwaka 1960, akaushika mkanda wake wa ubingwa mara nyingi, na alipostaafu mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 55, bado alikuwa bingwa. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Miaka hiyohiyo alikuwa na mwanamieleka Hulk Hogan, ambaye watazamaji walionyesha waziwazi kwamba wanamtaka awe bingwa, lakini katika mieleka ya kulipwa promota ndiye huamua nani awe bingwa, na mkanda haukufika kiunoni mwake. Hogan akaondoka mwishoni mwa mwaka 1983, na Januari 1984 akatawazwa bingwa wa WWF, kampuni iliyoshindana na AWA, katika ukumbi wa Madison Square Garden. AWA ilifungwa mwaka 1991. Ilikufa kwa sababu nyingi, zikiwamo televisheni za kebo na nguvu ya fedha ya mshindani wake, kwa hiyo sisemi kwamba mkanda mmoja ndio ulioiua. Ninachosema ni kwamba Gagne alizisikia kelele za ukumbi wake kwa masikio ya mtu anayezitaka ziwe zake.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Mwanamieleka Mitsuharu Misawa aliondoka All Japan, kampuni aliyoianzisha Giant Baba, mwaka 2000 akifuatwa na takriban wanamieleka wote wa Kijapani wa kampuni hiyo, akaanzisha kampuni yake ya NOAH, akawa rais wake na wakati huohuo jina lake kubwa. Tarehe 13 Juni 2009, mjini Hiroshima, katika pambano la wawili kwa wawili, alibebwa na kubwagwa kinyumenyume, pigo alilokwisha kulipokea mara zisizohesabika, akashindwa kuinuka, na akafariki usiku huo akiwa na miaka 46. Sitaki kudai kwamba cheo ndicho kilichomuua. Lakini mwanamieleka wa kawaida akichoka yuko mtu wa kumwambia apumzike. Rais ambaye jina lake ndilo linalojaza viti, nani atamwondoa katika orodha ya mapambano? Ndiyo maana nawashauri, kabla ya kuchapisha tiketi ya kwanza, mteueni mtu mmoja na kumpa kwa maandishi mamlaka ya kukuondoeni ulingoni bila kubishana. Achaguliwe mapema, na awe mtu asiyekuogopeni.

Yapo mliyojifunza ulingoni yatakayowafaa, na kubwa kuliko yote ni kuanguka. Mnakumbuka wiki za mwanzo: kidevu kifuani, pumzi nje, mgongo wa juu utue bapa, viganja vipige turubai kwa pamoja ili kishindo kisambae. Baadaye ndipo tulipofundishwa jambo lenyewe, kwamba anayenyanyuliwa amemwazima mwili wake anayemnyanyua, na aliyeazimwa hana budi kuurudisha mzima. Promota ameazimwa miili ishirini kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kabla mlango haujafunguliwa, panda ulingoni mwenyewe. Kanyaga kila ubao kwa kisigino, usikilize unaolia. Vuta kamba zote tatu kila upande, na ubonyeze mito ya kona nne uhakikishe kwamba hakuna kichwa cha skrubu kilichochomoza nyuma yake. Kazi hii huchukua dakika kumi, na usimtume mtu.

Kuhusu malipo sina mengi. Nilipokuwa mpiganaji, promota mmoja alinilipa kwa ahadi mara tatu mfululizo, na mara ya nne nilipigana kwa uzembe ambao hadi leo unanitia haya, kwa kuwa mwenzangu ndiye aliyeumia badala ya yule aliyenidhulumu. Lipa usiku uleule, katika bahasha iliyoandikwa jina, nyote wawili mkihesabu, na umlipe wa pambano la kwanza kabla ya bingwa. Mlangoni ukipata kidogo, pungukiwa wewe.

Siku hizi usiku wa onyesho nakaa kando ya pazia nikiwa nimevaa viatu vya kawaida. Nimekwisha kukosa mapambano mazuri kwa sababu ya kukaa pale, na sitajifanya kwamba mwili hauniwashi muziki wa kuingilia unapopigwa. Yule kijana wa bega alirudi baada ya miezi mitano. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa atalipwa kiasi gani, lakini yeye aliuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Nikauvua shingoni nikampa, na hadi leo anao.