Masikio ya Watoto na Chanjo ya Nimonia: Majibu kwa Wasomaji

Daktari, mwanangu alichomwa chanjo zote tatu za nimonia. Mbona sikio linatoa usaha?

Swali hili hunifikia kila msimu wa mafua. Usaha wa sikio la kati huletwa hasa na bakteria wa makundi matatu: nyumokokasi, hemofilasi na moraksela. Chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14 humlenga nyumokokasi peke yake, naye ana aina ndogo zipatazo 100, ilhali chanjo iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2013 ilibeba 13 tu, zilizochaguliwa kwa sababu ya nimonia na homa ya uti wa mgongo, wala si kwa ajili ya masikio. Katika jaribio la Ufini lililochapishwa mwaka 2001, chanjo ya aina 7 ilipunguza maambukizi ya sikio yaliyotokana na aina hizo kwa asilimia 57, lakini ukijumlisha maambukizi yote ya sikio, nafuu ilikuwa asilimia 6. Aina zilizoachwa nje nazo hazikukaa kimya: Marekani, aina ndogo iitwayo 19A ilienea hadi ikabidi iingizwe katika chanjo ya aina 13. Anayetumia hoja hii kumnyima mtoto chanjo anamweka kwenye hatari ya kifo kwa hasira za sikio.

Pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano, si ina kinga ya hemofilasi?

Inayo, ya hemofilasi aina ya b, mwenye gamba la sukari ambalo kinga ya mwili hulitambua. Hemofilasi wa sikioni kwa kawaida hana gamba hilo, kwa hiyo chanjo hiyo haimgusi. Chanjo ya aina 10 iliyoanza Kenya mwaka 2011 ilitumia protini ya hemofilasi kubebea sukari za gamba la nyumokokasi, na ilitarajiwa ingewapunguza wote wawili. Majaribio hayakuafikiana, hivyo hakuna haja ya kuvuka mpaka kuitafuta.

Amoksilini ya kaka yake imebaki nusu chupa. Nimpe?

Hapana, na ninaomba nisiulizwe tena. Dawa ya maji ikishachanganywa haihifadhiwi kwa miezi, dozi hupimwa kwa uzito wa mtoto mwenyewe, na karibu moraksela wote hutoa kimeng'enya kinachoivunja.

Usaha umetoka miezi miwili. Bibi anashauri mafuta ya nazi.

Mpe bibi shikamoo yangu, lakini mafuta yabaki jikoni. Usaha ukifikisha siku 14 ugonjwa umekuwa sugu: kiwambo cha sikio kimetoboka, na bakteria wanaokutwa humo mara nyingi ni sudomonasi na stafilokokasi, ambao hawamo katika chanjo yoyote ya mtoto wako. Sokota kitambaa laini na safi kiwe utambi, kiingize taratibu, kikilowa kitoe, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Ndipo utie matone uliyoandikiwa kliniki, kwa kuwa matone yakitiwa juu ya usaha hayafiki panapouma. Njiti za kiberiti hazihusiki kabisa. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.