Kwa Rubani Anayeanza Kuvuta Glaida kwa Robin Remorqueur

Robin DR400/180R, ndege ya mbao iliyobuniwa Ufaransa kwa kazi ya kuvuta glaida (ndege isiyo na injini), huzoeleka upesi kwa rubani mgeni. Injini yake ya Lycoming ina nguvu za farasi 180, na mabawa yake yaliyoinuka kuelekea ncha, urithi wa mbunifu Mfaransa Jean Délémontez na ndege zake za Jodel, huitunza vizuri katika mwendo wa polepole. Ugumu wa kazi hii uko nyuma yako, upande wa pili wa kamba.

Hatari kubwa ni glaida kupanda ghafla juu ya usawa wako muda mfupi baada ya kuruka. Kamba ikivutwa kuelekea juu huinua mkia wako, pua inaelekea ardhini, na ukiwa chini hakuna nafasi ya kujinasua hata kama kamba itaachiwa sekunde chache baadaye. Kwa hiyo mkono wako uujue mpini wa kuachia kamba bila msaada wa macho, na kioo cha kutazama nyuma kirekebishwe kabla injini haijawashwa. Usisubiri kuhakikisha kwamba mwenzako amekosea. Glaida ikipotea kiooni huku pua yako ikishuka, achia.

Jifunzeni pia ishara mbili kabla ya kuruka, kwa sauti, na rubani wa glaida akiwapo. Ukiyumbisha mabawa, anapaswa kuachia kamba mara moja. Ukitikisa usukani wa mkia kulia na kushoto, unamwambia akague breki zake za hewa, yaani vibao vya mabawani vya kupunguza mwinuko, ambavyo huenda vimefunguka. Wapo waliozichanganya wakaachia kamba wakiwa chini mno, ilhali wangefunga breki tu na kuendelea kupanda.

Glaida ikishaondoka, injini ina joto kali kutokana na kupanda kwa nguvu nyingi na kasi ndogo. Punguza nguvu hatua kwa hatua wala usiporomoke kwa kasi, kwa sababu silinda zikipoa ghafla huweza kupata nyufa. Wanachama wa klabu wanaosubiri zamu watakuharakisha, waache wasubiri.

Jioni, ndege ilale hangarini. Unyevu ndio adui wa mbao na gundi, hivyo hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya mabawa hayajazibwa na tope, na ukiona kitambaa kinachofunika mbao kimechanika au rangi imefanya malengelenge, mwite fundi kabla ya safari inayofuata.