Usimtambue mjusi kwa rangi yake

Mwezi wa kwanza nilipoanza kukaa uani na daftari, hapa Mwanza, niliandika kwa kujiamini kwamba jiwe letu kubwa lina mijusi madume watatu: wa asubuhi, kahawia, wa saa tano, kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, na wa jioni, rangi imefifia. Kumbe ni mmoja. Nilimbaini kwa mkia, maana ncha yake ilikuwa imekatika. Nikampa jina Kigutu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, lishike hilo kwanza. Hawa mijusi wa mawe, ambao jina lao la kisayansi ni Agama mwanzae na ambao wapo hadi Serengeti, hubadilika rangi kulingana na hali. Baridi humfifisha, usiku humfifisha, kushindwa na dume mwenzake pia humfifisha. Dume mdogo asiye na eneo lake ni kahawia, ukimtazama juujuu utasema ni jike. Tafuta kovu, kidole kilichokosekana, urefu wa mkia. Mchoree kila mmoja umbo lake kwenye ukurasa wake na utie alama pale penye kasoro. Uchoraji mbaya si tatizo. Wangu unafanana na vijiko.

Chagua jiwe moja tu. Weka kiti hatua sita hivi kutoka hapo, mahali ambapo kivuli chako hakitamfikia, kwa sababu kivuli kinachopita ghafla kwake ni mwewe. Mimi nilianza kwa kunyata na simu nipige picha za karibu, na kwa wiki tatu nilichokusanya ni mikia inayoingia kwenye nyufa. Kaa kimya robo saa kabla ya kuandika chochote. Saa mbili asubuhi, jua likishagusa jiwe, utawaona wamelala tumbo chini wakiota joto. Jiwe likichemka wanajiinua kwa miguu, halafu wanahamia kivulini.

Kisha kuna zile pushapu. Dume hupandisha na kushusha kichwa na kifua, na mimi nilikuwa naandika "amekasirika." Baadaye nikamwona akifanya vilevile mbele ya jike, na siku nyingine peke yake kabisa. Nikafuta. Sasa naandika mara ngapi, nani yuko karibu, nani aliyeondoka kwanza. Mara nyingi dume mdogo hupigiwa pushapu, anatambaa upande wa pili wa jiwe, yameisha. Wakipigana kweli hupeana ubavu na kuchapana mikia, jambo nililoliona mara mbili tu.

Ukiwa kazini mchana kutwa, mtazame mjusi kafiri usiku kwenye taa ya barazani. Hana kope za kufumba, kwa hiyo husafisha macho kwa kuyalamba. Majirani watakwambia ana sumu. Hana, ingawa ukigusa kinyesi chake nawa mikono kwa sabuni. Usimkamate: atauacha mkia ukirukaruka sakafuni na yeye atakimbia. Utaota mwingine, lakini hautafanana na ule wa kwanza, nawe utakuwa umeiharibu alama uliyomtambulia.

Watoto wa nyumbani watataka kurusha mawe. Wangu niliwapa kazi ya kuhesabu wadudu anaokula Kigutu kabla ya chai, na mawe yakaisha.

Wao ndio waliokuja kuniambia kwamba Kigutu hajaonekana siku nne. Siku ya sita juu ya jiwe alikaa yule kahawia wa upande wa mpapai, niliyekuwa nimemwandika "jike" tangu mwanzo, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kuiva wekundu. Nikarudi nyuma kurasa kumi na tisa kufuta "jike."