Vidung'ata kwenye mpapai, muhogo na mstafeli: ni mdudu mmoja?

SWALI: Assalamu alaykum Bwana Shamba. Mimi ni mkulima wa Konde, Pemba. Mpapai wangu umejaa wadudu weupe kama unga, majani yamejikunja na mapapai yananata. Sasa nawaona na kwenye muhogo na mstafeli. Mwanangu kawapiga picha, programu ya simu ikasema ni kidung'ata wa michungwa. Muuza dawa akasema vidung'ata vyote ni vimoja, akanipimia dawa ndani ya chupa ya maji. Nimepiga mara mbili, nikawaandama hasa wale wakubwa wenye nyuzi ndefu wanaokimbia, lakini weupe umezidi. Ni aina gani hii, na nitumie dawa gani? Picha nimeambatanisha.

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Bi Mkubwa. Picha nimeiona, na jina sikupi. Picha ile inaonesha nta tu. Ule unga mdudu anautoa mwilini na kujifunika nao, na jamii nzima ya vidung'ata, yenye aina zinazokaribia 2,000 duniani, hujifunika hivyo hivyo. Kumtaja kwa nta yake ni kama kumtaja mtu kwa buibui alilovaa. Kila wiki naletewa simu yenye jina la Kilatini juu ya kioo, na mwenye simu keshanunua dawa.

Ninachoweza kukupa ni dhana. Kwenye mpapai, wa kwanza kumshuku ni Paracoccus marginatus, mdudu wa asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ambaye pia hula muhogo, mstafeli na miti mingine mingi. Mbonyeze jike mmoja: maji yake ni ya manjano. Mtie mwingine kwenye spiriti umwache mpaka kesho. Akigeuka buluu inayokaribia weusi, dhana inapata nguvu. Inapata nguvu tu, maana ndugu zake wa karibu nao hugeuka hivyo. Kwenye mstafeli tazama mgongo. Ukiona mistari miwili myeusi, mikia miwili mirefu na nyuzi zinazong'aa kama kioo, huyo ni Ferrisia virgata, mdudu mwingine kabisa. Na kwenye muhogo, kama mwili una rangi ya waridi, mikia haionekani vizuri na ncha za shina zimedumaa majani yakasongamana, basi mshuku Phenacoccus manihoti. Kwa hiyo miti yako mitatu huenda ina mdudu mmoja, huenda ina watatu.

Jina la hakika linatoka kwenye hadubini, tena kwa jike aliyekomaa tu, kwa kuwa watoto hawana alama za kutosha. Hutobolewa, akapashwa moto katika hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 mpaka vya ndani viyeyuke ibaki ngozi tupu. Ngozi husafishwa kwa alkoholi, hutiwa rangi, kisha hulowekwa kwenye mafuta ya karafuu ili iwe angavu. Ndiyo, karafuu; maabara za ng'ambo zinayajua mafuta haya kwa kazi hii, na sisi tunaowauzia tunatambua wadudu kwa simu! Hapo ndipo unapohesabu pingili za papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, na vishada vya miiba ya pembeni, ambavyo kidung'ata wa michungwa anavyo jozi 18. Unatazama ugoko wa mguu wa nyuma: wa michungwa ana vitundu vinavyopitisha mwanga, Paracoccus marginatus hana. Unatazama ukucha: jamaa za Phenacoccus wana jino dogo hapo. Hakuna simu iliyoviona vitu hivyo kwenye mpapai wako.

Maneno yanayonichosha kuliko yote ni hayo ya "vyote ni vimoja". Phenacoccus manihoti alipoingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuenea kwenye mihogo ya Afrika, wataalamu walikwenda Amerika, kwenye asili yake, kumtafutia adui. Kaskazini mwa Amerika ya Kusini walimkuta kidung'ata wa muhogo anayefanana naye mno, wakachukua maadui zake, na maadui wale hawakufaa kitu. Baadaye ikabainika kuwa wa kule ni aina nyingine, Phenacoccus herreni. Yule ana madume. Wa kwetu ni majike matupu yanayozaa bila dume. Wa kwetu halisi alipatikana Paraguay mwaka 1981, na pamoja naye nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, anayetaga ndani ya mwili wake. Nyigu huyo aliachiwa Nigeria mwaka huo huo, akaenezwa nchi nyingi za Afrika, na muhogo ukapona. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu hachagui kwa nta. Ukikosea aina, umekosa nyigu.

Sasa hao "wakubwa wanaokimbia". Kidung'ata jike hakimbii, Bi Mkubwa. Akitembea ni kwa kujikokota. Mwenye nyuzi ndefu anayekwenda mbio katikati ya vidung'ata kwa kawaida ni mtoto wa mdudu kibibi, aliyejifunika nta nyeupe naye, na chakula chake ni vidung'ata. Dawa nyingi za kupiga hazipenyi vizuri kwenye nta wala kwenye vifuko vya mayai, lakini kibibi na nyigu zinawaua. Huenda ndiyo maana weupe umezidi.

Acha kupiga. Kata majani na matunda yaliyozidiwa, uyafukie. Pakaza grisi juu ya kitambaa ulichokifunga kwenye shina ili sisimizi waitwao maji moto wasipande, maana wanawalinda vidung'ata kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa. (Kwenye minazi waacheni maji moto, wana kazi nyingine nzuri huko.) Kisha kata kipande cha jani chenye majike wakubwa, usiwakwangue kwa ukucha, utie kwenye kichupa cha spiriti. Kichupa kimoja kwa kila mti. Ndani weka karatasi yenye jina la mti, mahali na tarehe, kwa penseli, kwani wino huyeyuka. Vipeleke ofisi ya kilimo, uombe vifikishwe Kizimbani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Unguja.

Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji msinunue, nyote mnaosoma. Haina jina, haina kipimo, haisemi usubiri siku ngapi kabla ya kula papai, na mtoto akiona chupa ya maji atakunywa. Anayekuuzia hajui mdudu wako, na safari hii hujui hata dawa yake. Sabuni ya unga nayo inababua majani ya mpapai. Na vipando vya muhogo vyenye weupe visipande boti kwenda kwa jamaa Unguja wala Tanga, hata kama wameviomba.