Kabla hujatafuta muziki wa huzuni

Ndugu, umeuliza uweke muziki gani kwenye filamu yako, pale mama anapopokea habari ya msiba, maana picha zako ni safi, piano umeshaiweka, na bado watu hawaguswi. Mimi ningeanza kwa kuitoa hiyo piano. Kosa hilo nililifanya hapa Goma, tena mbele ya watu, na langu lilikuwa na besi, yaani sauti nzito ya chini.

Nilikuwa fundi wa sauti kwenye filamu fupi ya dakika 14, mwaka mmoja na kidogo baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka. Hadithi ni ndogo: baba aliyepotea miaka mingi anarudi kwake mtaa wa Birere. Kabla hajagonga mlango niliweka mngurumo mzito, ule wa filamu za kutisha, kwenye hezi 40 hivi. Kwenye kompyuta sikuusikia vizuri. Spika ndogo hazina uwezo wa kutoa sauti nzito kiasi hicho, nami badala ya kutafuta hedifoni nzuri nikawa naupandisha tu. Siku ya kuonyesha tukakodi spika za harusi, zile kubwa kama kabati. Baba alipokaribia mlango, viti vya plastiki vikaanza kutetemeka, na hakuna aliyemtazama baba. Watu walitazama paa, kisha mlango. Mama mmoja wa mstari wa mbele alimfunga mtoto mgongoni akatoka nje, hakurudi.

Aliyekuwa hapa jioni ya tarehe 22 Mei 2021 hahitaji maelezo. Lava ya Nyiragongo iliishia Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutikisika siku baada ya siku, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, watu wakajaa barabara ya Sake na magodoro kichwani. Mtu wa mji mwingine akisikia mngurumo ule anajua sinema inataka aogope kidogo. Sisi tunatafuta viatu. Tangu siku ile, kabla sijaweka sauti yoyote, najiuliza masikio ya mtaa huu yaliwahi kuisikia wapi.

Swali hilo hilo ndilo lilituokoa kwenye tukio la usiku ambao baba alichukuliwa. Hatukuwa na pesa za sare wala bunduki za bandia (na nani angetupa ruhusa ya kutembea nazo mtaani?). Tulipiga picha ya uso wa mtoto gizani, basi. Nje tukaweka viatu juu ya mawe ya lava, kimya, halafu sauti ya mwanaume: "Fungola!" Neno moja. Nyumbani na sokoni hapa ni Kiswahili, na Kilingala ndicho lugha ya jeshi toka zamani. Hakuna mtazamaji aliyeuliza ni nani anayegonga. Ile "fungua" ya Kiswahili ingeweza kuwa ya jirani aliyeishiwa chumvi.

Sasa maneno, maana naona wengi humu mnazungumzia muziki tu. Hati yetu iliandikwa kwanza kwa Kifaransa, halafu ikageuzwa kuwa Kiswahili cha habari ya redio. Baba akirudi alikuwa anasema: "Nisameheni, niliwaacha kwa muda mrefu." Tulirudia mara tisa. Mwigizaji ni mzuri, lakini alisikika kama anatoa hotuba. Mwishowe akauliza kama anaweza kusema vile baba yake mwenyewe angesema. Akavua kofia, akatazama sufuria, akasema: "Mulisha kula?" Akanyamaza. Binti akajibu kwamba ndiyo, na sote tulijua hawajala. Msamaha, aibu na njaa vyote vilipita katika swali la chakula. Sijui ni mwandishi gani angeweza kuliandika akiwa mezani.

Kuhusu kwaya, hiyo ilikuwa bahati. Nyuma ya nyumba tuliyopigia kuna kanisa, na Jumamosi ile walikuwa mazoezini. Masoprano walikosea mahali pale pale kila mara, wanaanza upya, wanakosea. Nilikasirika sana. Wakati wa kuhariri nikagundua kwamba wimbo ule wa furaha, usiojali kabisa kinachotokea chumbani, ulikuwa unauma kuliko piano yoyote niliyopakua. Dunia inaendelea na mazoezi yake. Tukauacha. Kulikuwa hata na sauti ya mwalimu wa kwaya akisema "tuanze tena", pale pale baba anapoketi. Mwongozaji aliipenda mno. Mimi niliikata, kwa sababu ilikuwa inamwambia mtu cha kufikiri, na tukagombana siku mbili. Bado naamini nilikuwa na haki.

Kitu cha mwisho ni chukudu. Baba alikuwa msukumaji wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa hiyo mwanzoni kabisa tunasikia magurudumu ya mbao yakigongagonga mawe, yeye akiwa kwenye picha. Akipotea, sauti inapotea. Anaporudi, inasikika kabla hajaonekana, na binti anaacha kufua. Ujanja huu ni wa zamani kama sinema ya sauti yenyewe: katika M ya Fritz Lang, ya mwaka 1931, muuaji hupiga mluzi wa wimbo wa Grieg, na anayemtambua ni muuza maputo kipofu. Ila sharti uupande mapema. Ukiuleta mwishoni tu, ni kelele ya barabarani.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudi kwenye chumba kile ulichopigia, zima simu zote, rekodi dakika nzima ya chumba kikiwa kitupu, pamoja na mabati yake, jenereta ya jirani na chochote kilichomo. Toa piano, weka hiyo, umwache mama apokee habari humo. Wakati wa kurekodi usisimame karibu na dirisha la upande wa ziwa, upepo utakuharibia. Kisha nitumie dakika hiyo moja, nitaisikiliza kwa hedifoni. Na kama kuna besi humo, niambie kabla.