Muulize Anti: Kofia wanazo, ila zinaning'inia kwenye usukani

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda hapa Morogoro, tupo 23. Kofia ngumu karibu wote wanazo ila hawavai, wanatundika kwenye usukani au kwenye kiwiko, wakiona trafiki mbele wanavaa, wakishampita wanavua. Nimefoka, nimebandika tangazo, tukaweka faini ya elfu mbili, wapi, mwisho nikaambiwa faini nimekula mimi. Mwenyewe navaa kila siku ili niwe mfano lakini hamna anaenifuata hata mmoja. Nifanyeje?
Mwenyekiti, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo ya kuambiwa umekula faini, huo ndo mshahara wa uenyekiti.

Sasa hapo uliposema "ili niwe mfano" ndo penye shida. We unaona unaonyesha mfano, wao wanaona mwenyekiti anavaa kwa vile ni mwenyekiti, kama vile askari anavyovaa gwanda, nani ataiga gwanda? Mtu anamuiga mtu anaemuona ni mwenzake kabisa, halafu amuone huyo mwenzake kuna kitu kapata kwa kufanya vile. Bila hivyo utavaa kofia mpaka ustaafu.

Wa umri wangu mtakumbuka Twende na Wakati, ule mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania 1993, jioni watu mmeizunguka redio moja mtaa mzima. Mle kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, ana wanawake njia nzima, na mkewe Tunu yupo nyumbani anavumilia. Sisi tulikuwa tunasikiliza utamu wa hadithi tu, kumbe waliotunga walikuwa na hesabu zao, maana ile staili ilitoka Meksiko kwa mtengeneza tamthilia mmoja anaitwa Miguel Sabido ambae miaka ya 70 alikuwa anatumia tamthilia za tivii kuwavuta watu wazima warudi kujifunza kusoma, na mwaka 1977 akatoa nyingine ya uzazi wa mpango. Yeye nae alikuwa amesoma kazi za profesa Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambae kutwa kucha alikuwa anatafiti watu wanavyoigana.

Siri ya Sabido ni kwamba humpi msikilizaji mtu mwema peke yake. Unampa wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati anaeyumba, leo anataka kubadilika kesho anarudi kulekule. Mbaya anaishia pabaya na watu wanaona, Mkwaju alikufa kwa ukimwi. Ila mwenye kazi kubwa ni huyu anaeyumba, kama Tunu, alianza akiwa mke wa kunyamaza tu, taratibu akasimama na kibiashara chake. Kwa nini huyu? Kwa sababu msikilizaji nae anayumba! Mtu mwema tangu mwanzo hana cha kukufundisha, hujui alipitaje.

Na walipima, hawakukisia tu. Miaka ile ya mwanzo mtambo wa Dodoma ulikuwa unarusha vipindi vyake, mchezo haukusikika kule mpaka 1995, kwa hiyo watafiti wakina Everett Rogers na Peter Vaughan wakalinganisha waliosikia na wasiosikia. Kule uliposikika watu walipunguza idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu yakapanda kuliko Dodoma. Mchezo wa redio huo, hamna faini wala tangazo.

Turudi kijiweni kwako. Wewe kaa pembeni kidogo, usikasirike. Tafuta yule kijana ambae akibadilisha tairi wiki inayofuata na wengine wanabadilisha, kila kijiwe kina mtu wa hivyo, mara nyingi hata si mstaarabu sana, ana maneno mengi na pikipiki yake imejaa stika. Kaa nae peke yake mpatane. Na usimwambie awe anasifia kofia, hapana, mwache alalamike hadharani kwamba jasho linamchuruzika na kichwa kinawasha halafu avae hivyohivyo, na aonyeshe anavyofanya, kitambaa ndani, kofia anaianika juani mchana ikishalowa. Ukiwawekea mtu anaevaa bila shida yoyote watasema huyo kichwa chake cha chuma.

Halafu hakikisha wanaiona faida kwa macho yao. Abiria wengi, hasa akina mama wenye watoto, wakipewa kofia ya pili safi wanaikumbuka hiyo pikipiki, kesho wanaomba namba. Sasa huyo kijana akiwa anapigiwa simu za wateja palepale mbele ya wenzie, na hesabu ya bosi inatimia saa nane mchana, we hata usiseme kitu. Hiyo kofia ya pili kijiwe kimnunulie, hata kwa hizo hela za faini unazodaiwa umekula, utakuwa umeua ndege wawili.

Lile tangazo lako kama lina picha ya ajali, libandue. Picha ya ajali inamwambia mtu aogope, haimwonyeshi afanye nini, na akishaogopa siku tatu anazoea.

SWALI: Anti, mwanangu ana miaka mitano anatukana matusi mazito, ameyatoa kwa baba yake akiwa anaangalia mpira. Baba mwenyewe ndo anamchapa mkanda kwa kutukana! Mtoto sasa mbele ya baba hatukani ila akiwa na wenzie ni balaa. Je, mkanda umesaidia au haujasaidia?
Mama wa Tanga

JIBU: Umesaidia kumfundisha atukanie wapi.

Nicheke kwanza mama, samahani. Huyo huyo Bandura niliyemtaja juu, mwaka 1961 aliwachukua watoto 72 wa chekechea, baadhi akawaonyesha mtu mzima anapiga lile sanamu la plastiki la kujaza upepo, ngumi, nyundo, na maneno juu. Wakaachwa na sanamu, wakalipiga vilevile mpaka maneno wakayarudia. Miaka michache baadae akarudia kwa filamu, mara hii wengine wakaona yule mpigaji anapewa zawadi na wengine wakaona anaadhibiwa. Walioona adhabu waliiga kidogo, kila mtu akafurahi, ila walipoambiwa kwamba atakaeonyesha alichokiona anapata zawadi, nao wakaonyesha sawasawa na wale walioona zawadi! Yaani adhabu ilizuia kuonyesha, kujifunza walishajifunza zamani.

Ndo mwanao huyo. Matusi anayo yote kichwani, anasubiri baba aondoke. Na ule mkanda nao ni somo la pili, anajifunza kwamba ukikasirika unapiga, subiri utayaona kwa mdogo wake.

Dawa ipo kwa baba na hataipenda. Timu ikifungwa mtoto akiwepo, apige kelele za kitu kingine, "aah mama yangu!", chochote, na likimtoka tusi ajirekebishe palepale kwa sauti, "hilo neno baya, baba kakosea." Asiogope kudharauliwa. Mtoto akimuona anateleza halafu anajirekebisha ameona jinsi ya kujirekebisha, na hilo hakuna mkanda unaofundisha.

SWALI: Anti binti yangu wa miaka minne anaogopa mbwa mpaka hatutembei mtaani. Nimemwambia mara mia kwamba mbwa hang'ati. Msaada.
Baba Kibaha

JIBU: Mbwa anang'ata bwana, na mtoto anajua, kwa hiyo hapo keshakuona muongo.

Acha kumwambia, mwonyeshe, ila asiwe wewe. Tafuta mtoto wa rika lake asieogopa mbwa, binti yako akae mbali anaangalia tu, siku kadhaa, mwenzie anamshika mbwa, anamlisha, anacheka. Kila siku mnasogea kidogo, yeye mwenyewe akitaka. Mwaka 1967 Bandura huyohuyo na wenzie walifanya hivi na watoto wadogo waliokuwa wanaogopa mbwa, vipindi vifupi tu vya kumtazama mtoto mwenzao, na wengi walifika mahali pa kuingia wenyewe kwenye uzio alimo mbwa.

Na we mwenyewe angalia mkono wako mkipishana na mbwa barabarani, kama huwa unaubana wa mtoto kwa nguvu, umeshamwambia kila kitu. Mbwa wa mazoezi awe mpole, wa watu mnaowajua, na amechanjwa kichaa. Ukiokota wa jalalani usiniandikie tena.