Wimbo wa "Tusikate Miti" Anaimbiwa Nani?

Maswali ya wasomaji, na majibu ya Bibi wa Jukwaani kutoka Iringa

*Shikamoo Bibi. Tuna kikundi cha ngoma na maigizo hapa Uyole. Mradi mmoja umetuagiza wimbo na igizo fupi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, la kuzungushwa vijijini hadi Mbarali. Ujumbe tumepewa: wananchi wasikate miti, wasichome mkaa, wasilime kwenye vyanzo vya maji. Sasa mama yangu analima bondeni, na bustani hiyo ndiyo iliyonisomesha. Nikiimba hayo naona kama namsuta mama hadharani. Hela tunaihitaji. Tufanyeje? — Mwimbaji, Uyole*

Marahaba mwanangu, kamwene. Hilo la kumsuta mama ndilo igizo lenu. Mengine yote ni mapambo.

Wimbo huo nausikia tangu nikifundisha sanaa shuleni, na kila mara anayeimbiwa ni mtu wa jembe. Afrika nzima, kutoka Tunis hadi Cape Town, hutoa asilimia 4 hivi ya hewa ukaa ya dunia. Sehemu ya mama yako humo hata haihesabiki. Na mkaa je? Simama kando ya lami jioni uone magunia yanapakiwa kwenye malori gani na yanaelekea wapi. Mchoma mkaa anaimbiwa. Anayeupikia mjini hata hajui kama kuna wimbo. Haki ya tabianchi, kwa msanii, naiona hivi: nani kasababisha, nani anaumia, nani analipa. Maswali hayo myatie vinywani mwa watu ambao kijiji kinawafahamu.

Ila msiruke mkaangukia upande wa pili, mkaimba kwamba Wazungu ndio waliotukaushia mto. Watu wa Mbarali watawacheka, maana wanaujua mto wao. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi kuanzia mwaka 1993 hivi, na sababu kubwa waliyoitaja wataalamu ni maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga ya Usangu. Lawama nyingi zikawaangukia wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa na ng'ombe wao, mwaka 2008 Ihefu, ile ardhi oevu ya Usangu, ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mto ukaendelea kukauka. Hapo pana igizo la saa mbili, mwanangu, si wimbo wa dakika nne.

Mimi ningeanzia kwenye kinyungu cha mama, yaani ile bustani yake ya bondeni. Mvua za Novemba zikichelewa, kinyungu ndicho kinachotoa mahindi mabichi na maharage wakati shamba la mlimani ni vumbi tupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Nia yake njema, sibishi. Lakini katika mabonde membamba ya Kilolo au Njombe, ukipima mita 60 huku na mita 60 kule, bonde limekwisha. Sasa mpeni mama huyo jirani aliyepanda milingoti palepale juu ya chemchemi, miti inayokunywa maji mchana kutwa, na hakuna aliyemwendea na futi ya kupimia. Mpeni na ofisa mwenye kanuni mkononi. Ofisa huyo msimfanye kichekesho, nawaomba. Mwacheni aseme hoja zake zote, tena kwa ufasaha, ili mama awe na kitu cha kujibu.

Kisha msimalize hadithi. Kesi ikifika kwa mwenyekiti wa kijiji, simamisheni mchezo, muulize: nani anakuja kusimama mahali pa mama? Nani mahali pa ofisa? Augusto Boal, mwongoza maigizo, aliifanya kazi ya namna hii kwao Brazil, na hapa kwetu walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Penina Muhando na Amandina Lihamba waliipeleka sanaa vijijini miaka ya 1980, wanakijiji wakawa wachezaji badala ya kupiga makofi tu. Fikeni mapema, mlale huko, mkasikilize watu wanavyogombania zamu za maji kwenye mfereji. Maneno ya igizo mtayaokota hapo, na ni makali kuliko ya kutungia Uyole.

Hela sasa. Waambieni watu wa mradi kabla ya kusaini kwamba mtacheza kesi ya kinyungu na wanakijiji watajibu wenyewe. Wengi watakubali, maana nao wamechoka kuona hadhira inasinzia. Wakishikilia ule wimbo wao, uimbeni mwanzoni watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. (Wajue lakini, sijasema muwadanganye.) Na kwenye bajeti ombeni nauli ya ofisa wa bonde la maji. Ofisi ya Bonde la Rufiji iko hapahapa Iringa, aje mmoja akae kwenye benchi asikilize mpaka mwisho.

*Bibi, kampuni ya mbao inataka niuchore ukuta wake: msitu wa kijani na ndege wa rangi. Nikikubali nimejiuza? — Brashi, Mafinga*

Chora, ulipwe. Kule London wasanii walianza mwaka 2010 kuipinga hadharani hela ya kampuni ya mafuta ya BP kwenye jumba la sanaa la Tate, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba udhamini huo unakoma. Walikuwa kundi, wakavumilia miaka. Wewe uko peke yako na ada za watoto. Ila ndege wa msitu wa asili usiwapandishe juu ya paina, miti ya mbao ya kupandwa. Wenyeji wa Mafinga wanajua mle ndani kulivyo kimya. Chora paina kama zilivyo, mistari mirefu iliyonyooka, na uweke mtu mwenye msumeno, kwa sababu yupo. Wakikataa mtu wa msumeno, mjadiliane bei upya. Nusu ya malipo uichukue kabla hujafungua kopo la rangi.